Ushahidi wa Maji Katika Ubongo wa Panya

Yako maradhi yanayobisha hodi kabla ya kuingia: homa hutangulia, au maumivu, au uvimbe. Na yako mengine yanayoingia usiku, nyumba imelala, yakakaa miaka mingi bila ya kujulikana. Siku yanapogunduliwa huwa yamekwisha kuhamisha nusu ya mali. Ugonjwa wa Alzheimer ni wa namna hii ya pili. Mabadiliko yake katika ubongo huanza miaka kumi, kumi na mitano au zaidi kabla mgonjwa hajaisahau njia ya kwake. Kwa hiyo historia ya elimu ya ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya jitihada moja: kuyaona mambo ya ubongo mwenyewe angali hai.

Tarehe 3 Novemba 1906, katika mkutano wa madaktari wa magonjwa ya akili uliofanyika Tübingen, Ujerumani, Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke mmoja. Mwanamke huyo, Auguste Deter, aliletwa katika hospitali ya Frankfurt mwezi wa Novemba 1901, umri wake miaka 51. Kumbukumbu ilikuwa imempotea, alimshuku mumewe, na alipotakiwa kuandika jina lake hakuweza kulimaliza. Alifariki mwezi wa Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amekwisha kuhamia Munich, na ubongo wa marehemu ukapelekwa kwake huko. Aliukata vipande vyembamba, akavitia dawa yenye madini ya fedha ambayo Max Bielschowsky alikuwa ameitengeneza miaka michache kabla, akavitazama kwa hadubini. Aliona vitu viwili: mabaka yaliyotapakaa nje ya seli, na mafundo ya nyuzi ndani ya seli zenyewe. Wasikilizaji wake hawakuuliza hata swali moja. Lakini mwaka wa 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliliandika jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mafunzo, na ugonjwa ukapata jina unaloitwa mpaka leo.

Hadubini ilisema kweli, lakini ilisema baada ya mazishi. Daktari aliweza kuwaambia jamaa za marehemu ndugu yao alikufa na nini. Hakuweza kumwambia mgonjwa aliye mbele yake anaumwa nini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini mambo yalikaa hivyo. Fuvu lilikuwa sanduku lisilofunguliwa ila kwa kifo.

Shahidi aliyekuja kuifungua siri hiyo alikuwa mnyonge asiyetazamiwa na mtu, nao ni maji. Sehemu kubwa ya ubongo ni maji, na maji hayatulii kamwe. Mwaka wa 1827 mwanamimea wa Uskoti, Robert Brown, aliona kwa hadubini yake kwamba chembe ndogo zilizotoka katika chavua ya maua, zikielea majini, zilitikisika na kutangatanga bila ya kukoma. Alifikiri kwanza kuwa ni uhai, kisha akajaribu kwa unga wa mawe akaona unga nao watangatanga vile vile. Mwaka wa 1855 Adolf Fick, mganga wa Ujerumani, alitoa kanuni za namna kitu kinavyotawanyika kutoka mahali kilipo kingi kwenda mahali kilipo kichache. Halafu katika mwaka wa 1905 Albert Einstein alieleza sababu ya mtikisiko ule wa Brown: chembe zinapigwa kumbo pande zote na molekuli za maji zisizoonekana. Akaonyesha pia kwamba mtangatangaji wa namna hii hana safari iliyonyoka. Mraba wa umbali wake ndio unaokua sawasawa na muda. Kwa kipimo hicho, maji yaliyo huru katika joto la mwili wa binadamu, kwa muda wa sehemu 50 za elfu za sekunde, husogea upande mmoja kiasi cha sehemu 17 za elfu za milimita. Umbali huo unakaribiana na ukubwa wa seli. Hapo ndipo ilipo faida yote ya jambo hili. Molekuli ya maji inapotangatanga ndani ya ubongo hugonga kuta za seli, hupenya vichochoro vilivyo kati yake, hurudishwa na mafuta, huzungushwa na protini. Na mtu anayeweza kupima mwendo wake aweza kuyajua maumbile ya nyumba pasipo kuingia ndani.

Lakini mwendo huo utapimwaje? Baada ya mwaka wa 1946, Felix Bloch na Edward Purcell walipogundua kila mmoja kwa upande wake kwamba viini vya atomi vilivyowekwa katika sumaku hujibu mawimbi ya redio, njia ilianza kuonekana. Mwaka wa 1950 Erwin Hahn aligundua kwamba viini hivyo vyaweza kufanywa virudishe mwangwi, na akatambua kuwa mwangwi huo hufifia maji yanapotangatanga. Mwaka wa 1965 Edward Stejskal na John Tanner waliigeuza kasoro hiyo kuwa kipimo. Mfano wa njia yao ni mtu anayewagawia watu waliokaa safu alama za viti vyao, kisha baada ya kitambo kidogo akapita tena kuzifuta, kila alama kwa kulinganisha na kiti. Aliyekaa pale pale alama yake hufutika sawasawa. Aliyehama hubakia na alama isiyolingana na kiti chake kipya. Na wahamaji wakiwa wengi, alama zao huchanganyikana na sauti ya jumla hufifia. Kadiri mwangwi unavyofifia, ndivyo maji yalivyosafiri.

Ilibaki kuunganisha kipimo hicho na picha. Chombo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kinachojulikana hospitalini kwa herufi za MRI, kilitokana na kazi ya Paul Lauterbur iliyotangazwa mwaka wa 1973 na ile ya Peter Mansfield, nao wawili walitunukiwa Nobel mwaka wa 2003. Denis Le Bihan, daktari wa Ufaransa, alitoa picha za kwanza za mtawanyiko wa maji katika ubongo wa mtu mnamo mwaka wa 1985. Mwaka wa 1990 Michael Moseley na wenzake huko San Francisco walifunga mshipa wa damu katika ubongo wa paka, wakaona kwamba mwendo wa maji ulipungua katika muda usiofika saa moja, ilhali picha za kawaida zilikuwa bado hazijaonyesha kitu. Tangu hapo madaktari wa kiharusi wakapata chombo cha kuwahi. Kisha mwaka wa 1994 Peter Basser, James Mattiello na Le Bihan walitoa hesabu ya kupima mwendo wa maji kwa kila upande. Katika sehemu nyeupe ya ubongo, iliyojaa nyuzi za neva zilizofungwa kwa ala ya mafuta, maji ni kama watu katika kichochoro cha mji wa kale: waweza kwenda mbele na kurudi nyuma kwa wepesi, bali kuta huwazuia kwenda ubavuni. Tofauti kati ya mwendo wa mbele na mwendo wa ubavuni iliwekewa namba, sifuri kwa maji yasiyobagua upande, moja kwa maji yasiyojua ila njia moja. Namba ikishuka, yasemekana kwamba kuta za kichochoro zimebomoka.

Ni neno hilo, "yasemekana", linalobeba uzito wa habari yote inayofuata. Picha ya mtawanyiko haionyeshi ukuta. Inaonyesha mwendo wa maji, na mwenye kuitazama hukisia ukuta. Mtu mzee akipigwa picha na namba yake ikaonekana imeshuka, huenda ala za mafuta zimeharibika. Huenda nyuzi zenyewe zimekatika. Huenda maji yameongezeka kati ya nyuzi. Au huenda nyuzi ziko salama, ila tu mahali hapo njia mbili zinapishana kama njia panda. Shahidi anasema kweli kwamba jambo limetokea, wala hasemi nani aliyelitenda. Ili ushahidi wake upimwe, hapana budi picha na hadubini vikutanishwe juu ya ubongo ule ule, kwa wakati mmoja. Kwa binadamu hilo ni tabu kubwa, kwa kuwa kati ya picha na maiti hupita miaka. Kwa panya lawezekana katika muda wa juma moja.

Lakini panya kwa maumbile yake haugui ugonjwa wa Alzheimer. Huzeeka, akafa akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, bila ya mabaka wala mafundo. Ilibidi atengenezwe mgonjwa. Mwaka wa 1984 George Glenner na Caine Wong walikuwa wameitambua protini inayofanya mabaka, iitwayo amiloidi. Mwaka wa 1991 Alison Goate, John Hardy na wenzao, wakiwa London, waliona badiliko la jeni ya protini mama ya amiloidi katika ukoo uliorithishana ugonjwa huu utotoni mwa uzee. Jeni ya binadamu iliyobadilika kwa namna hii iliweza kutiwa katika yai la panya. Mwaka wa 1995 kikatangazwa kizazi cha panya kilichoitwa PDAPP, ambacho ubongo wake ulijaa mabaka kwa kadiri alivyozeeka. Mwaka wa 1996 Karen Hsiao na wenzake huko Minnesota walitoa panya wa Tg2576, aliyebeba badiliko lililoonekana katika koo za Sweden, na panya huyo hakuwa na mabaka tu, bali alishindwa kukumbuka njia alizofundishwa. Mwaka wa 2003 akafuata panya wa mabadiliko matatu, aliyetengenezwa Irvine ili apate mabaka pamoja na mafundo. Na mwaka wa 2006, katika jimbo la Illinois, akatangazwa panya wa mabadiliko matano, ambaye mabaka yake huanza akiwa na miezi miwili tu.

Hivyo mwanzoni mwa karne hii vitu viwili vilivyokuwa vimekua mbalimbali, kipimo cha maji na panya mgonjwa, vilikutana. Mahali pamoja palipokuwa na sifa katika kazi hiyo ni Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa St. Louis, Marekani, alikofanya kazi Sheng-Kwei Song. Yeye na wenzake hawakuanza na Alzheimer. Walianza kwa kumjaribu shahidi. Mwaka wa 2002 walichukua panya wa kizazi ambacho kwa kuzaliwa kwao nyuzi zao za neva hukosa ala ya mafuta, wakaona kwamba mwendo wa maji wa ubavuni uliongezeka, na ule wa kufuata nyuzi haukubadilika. Mwaka wa 2003 walizuia damu katika jicho la panya kwa muda, ili mshipa wa neva ya jicho ufe polepole. Siku ya tatu mwendo wa kufuata nyuzi ulikuwa umepungua, wakati nyuzi zenyewe zilipokuwa zinaharibika; siku ya tano mwendo wa ubavuni uliongezeka, wakati ala ilipoanza kuvunjika. Kila mara hadubini ilikubaliana na picha. Ilionekana kwamba maji yamefundishwa kutaja jina la mhalifu: huyu ameharibu uzi, na huyu ameharibu ala. Baada ya hapo tu, mwaka wa 2004, waliwatazama panya wa PDAPP, wakaona kwamba sehemu nyeupe ya ubongo wao hubadilika kwa kadiri umri unavyoendelea.

Kazi yenyewe ni ya subira. Ubongo wa panya una uzito usiofika nusu ya gramu, na ule wa mtu hupita gramu 1,300. Sumaku za kawaida za hospitali, za nguvu ya tesla 1.5 au 3, hazitoshi. Hutumiwa sumaku za tesla 7, au 9.4, au 11.7. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, kichwa chake hufungwa kisitikisike, joto lake hulindwa, pumzi zake huhesabiwa, kwa maana mtikisiko mdogo wa kifua huweza kuharibu kipimo cha maji yanayosogea sehemu za elfu za milimita. Wengine huona bora kupima ubongo uliokwisha kutolewa na kuhifadhiwa kwa dawa, maana huo hautikisiki, nao waweza kukaa katika sumaku usiku kucha. Lakini ubongo uliohifadhiwa hauna mwendo wa maji sawa na ulio hai. Mwisho wa yote ubongo hukatwa vipande, hutiwa rangi, na hadubini huitwa kutoa hukumu.

Watafiti wengine walipoifuata njia hii, majibu hayakulingana. Katika kizazi kimoja cha panya mwendo wa maji ulionekana umepungua, katika kingine umeongezeka, na katika kingine watafiti hawakuona tofauti kati ya mgonjwa na mzima. Mtu mwepesi wa kukata shauri angeweza kusema kwamba kipimo ni cha bure. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba hitilafu hiyo ina sababu zake. Mabaka yakijaa mahali, huziba njia na maji hupunguza mwendo. Seli zikifa, kuta hupungua na maji hupata uwanja. Mambo hayo mawili yakitokea pamoja, moja huficha la pili, na namba huweza kukaa pale pale ingawa ubongo umeharibika. Umri wa panya, aina ya jeni aliyotiwa, na ubongo kuwa hai au kuhifadhiwa, yote hugeuza jibu. Tena mwaka wa 2009 Claudia Wheeler-Kingshott na Mara Cercignani walionya kwamba ile lugha ya uzi na ala iliyofahamika katika mshipa wa jicho, ambao nyuzi zake zote zaelekea upande mmoja, haifai kuchukuliwa bila ya hadhari katika ubongo ambamo nyuzi hupishana. Shahidi aliyesema kweli katika kichochoro aweza kupotosha katika njia panda.

Kwa kutaka kumwelewa shahidi vizuri zaidi, mwaka wa 2012 Hui Zhang na wenzake huko London walitoa hesabu mpya inayojaribu kuyatenga maji yaliyo ndani ya matawi ya neva na yale yaliyo nje yake. Mwaka wa 2016 hesabu hiyo ilitangazwa kuwa imetumiwa kwa panya wa rTg4510, ambaye hupata mafundo ya protini ya tau, na matokeo yakalinganishwa na tau iliyoonekana kwa hadubini. Panya huyo mwenyewe ni fundisho. Alipotangazwa mwaka wa 2005, jeni yake iliweza kunyamazishwa kwa dawa. Na iliponyamazishwa, kumbukumbu ya panya ilipata nafuu, ingawa mafundo yaliendelea kuongezeka. Maana yake ni kwamba kinachoonekana si lazima kiwe ndicho kinachoua. Na mwaka wa 2019 ikatangazwa kwamba kuingizwa kwa jeni ngeni katika kizazi hicho kulikuwa kumevuruga baadhi ya jeni za panya mwenyewe, hata sehemu ya uharibifu uliodhaniwa kuwa wa tau haukuwa wa tau peke yake. Kumbe si shahidi tu aliyestahili kuhojiwa. Hata mgonjwa alistahili.

Hapa ndipo linapotokea swali kubwa la habari hii: panya ana haki gani ya kumsemea binadamu? Watu wengi sana wanaopata ugonjwa wa Alzheimer hawana badiliko lolote la jeni alilotiwa panya. Panya wengi wa mabaka hawana mafundo, na seli zao hazifi kwa wingi kama zinavyokufa za mgonjwa. Sehemu nyeupe, ambayo kwa mtu ni kubwa mno, kwa panya ni utepe mwembamba. Gharama ya kulisahau jambo hili ilikwisha kulipwa. Mwaka wa 1999 Dale Schenk na wenzake walitangaza kwamba panya wa PDAPP waliochanjwa kwa amiloidi walisalimika na mabaka. Matumaini yakawa makubwa, na chanjo ikajaribiwa kwa watu. Mwaka wa 2002 majaribio yalisimamishwa, kwa sababu kiasi cha watu 6 katika kila 100 waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo na utando wake. Panya hawakuwa wamesema uongo. Waliulizwa swali moja, na jibu lao likachukuliwa kuwa ni la swali jingine. Mlango waliouonyesha haukuwa wa bandia pia: kingamwili ya lecanemab, iliyotokana na utafiti wa panya wenye badiliko jingine la Sweden, ilijaribiwa kwa watu 1,795, na mwaka wa 2022 ikatangazwa kwamba katika miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Ni nafuu, si tiba. Na wanaoitumia hawana budi kupigwa picha za MRI mara kwa mara, kwa hofu ya uvimbe na kutoka damu katika ubongo.

Basi faida ya kumpiga panya picha ya maji ni ipi, ikiwa panya si mtu na picha si ukuta? Faida yake si kwamba panya ni mfano kamili wa mgonjwa. Faida yake ni kwamba panya ni mizani. Yeye peke yake, katika habari yote hii, huweza kutazamwa akiwa hai leo na chini ya hadubini kesho, hata neno la maji likapimwa kwa neno la nyama. Kila inapothibitika kwamba badiliko fulani la mwendo lilitokana na badiliko fulani la tishu, picha ya binadamu, ambayo nyama yake haiwezi kuguswa, hupata kamusi ya neno moja zaidi. Na kila yanapokosa kulingana, hilo nalo ni neno la kamusi, pengine la thamani kuliko lile la kwanza, kwa sababu humzuia daktari asimhukumu mtu mzima kuwa mgonjwa, au mgonjwa kuwa mzima, kwa kuitegemea namba asiyoijua asili yake.

Jalada la Auguste Deter, lililodhaniwa kuwa limepotea, lilionekana tena Frankfurt mwaka wa 1995. Miaka michache baadaye vilionekana huko Munich vile vipande vya ubongo wake alivyovikata Alzheimer. Wataalamu wa zama hizi wakavitazama upya kwa hadubini, wakayaona mabaka na mafundo yale yale aliyoyasimulia mbele ya watu wasiomwuliza swali. Neno lake liliweza kusadikiwa baada ya miaka tisini kwa sababu aliweka nyama kando ya neno. Picha ya maji haina nyama kando yake. Ni panya anayeikopesha.